Ukungu wa Viazi: Jina Moja, Koo Mbalimbali

Kipindi hiki kinahusu majina ya magonjwa ya shambani. Utasema: jina la nini, mimi nataka dawa! Subiri kidogo. Asiyejua ukoo wa ugonjwa hununua dawa isiyofaa.

Wengi wetu huita "ukungu" kila kitu kinachoota kama unga au sufi juu ya majani. Wataalamu wao hukipa kila kiumbe majina mawili ya Kilatini: la kwanza la ukoo, la pili lake mwenyewe.

Tuchukue ukungu wa viazi, yaani bakajani chelewa, unaounguza pia nyanya. Mwaka 1845, viazi vilipokuwa vikiteketea Ulaya, Mfaransa Montagne alikiita kiumbe chake Botrytis infestans, akakihesabu pamoja na kuvu. Mwaka 1876 Mjerumani de Bary alikihamishia ukoo mpya, kikawa Phytophthora infestans. Phytophthora maana yake ni mharibu mimea.

Baadaye ilibainika kwamba huyu si kuvu hata kidogo. Kuta za seli za kuvu zina kaitini, kitu kilichomo katika ganda la mende. Kuta za huyu ni selulosi, kama za mimea. Jamaa zake ni mwani wa kahawia wa baharini. Ila mwani hujipikia chakula kwa mwanga wa jua. Huyu hula jasho lako.

Sasa, hayo yanakuhusu nini? Salfa ambayo wenzetu wa Mtwara hupulizia mikorosho huzuia ubwiri unga, ambao ni kuvu halisi. Bakajani chelewa haizuii. Kabendazimu nayo ni hivyo hivyo. Metalaksili, kwa upande wake, hupiga ukoo wa Phytophthora, lakini ubwiri unga huuacha ulivyo. Mankozebu na dawa za shaba hukinga bakajani chelewa, mradi uzipulize mapema, kabla ugonjwa haujaingia.

Basi kagua shamba asubuhi, hasa siku za baridi na manyunyu. Ukiona mabaka kama yamelowa maji, na utando mweupe chini ya jani, huyo ndiye. Mabaka makavu yenye duara ndani ya duara ni bakajani tangulia, ambayo ni kuvu halisi. Ukiwa na shaka, mpelekee bwana shamba jani lenyewe. Na dukani soma kwanza jina la dawa iliyomo ndani ya pakiti, ndipo utoe pesa.

Hadi kipindi kijacho, ndugu mkulima, kazi njema.