Kokedama: sanaa ya Kijapani ya kulea mmea bila chungu

Donge la udongo lenye ukubwa wa chungwa, mmea mdogo umesimama juu yake, na kuvumwani ya kijani imelifunika pande zote: hiyo ndiyo kokedama, sanaa ya Japani ya kuotesha mmea bila chungu. Kuitengeneza kunaweza kuchukua chini ya saa moja. Kuiweka hai ndiko kunakoomba masomo, na ndiko wanaoanza hushindwa.

Jina lenyewe linaeleza kazi. Kwa Kijapani, koke ni kuvumwani, ile mimea mifupi na laini inayofunika mawe na magogo mahali penye kivuli na unyevu. Tama, ambalo katika neno hili hutamkwa dama, ni kitu cha mviringo.

Mtoto wa bonsai

Kokedama ilitoka katika bonsai, ufundi wa kulea miti midogo ndani ya vyungu. Mizizi ya bonsai iliyokaa miaka mingi chunguni hufungamana na udongo hadi kuchukua umbo la chungu chenyewe. Watunzaji waliweza kuutoa mti huo, kuuweka juu ya sahani au ubao, na kuiacha kuvumwani iote juu ya mizizi. Njia hiyo inaitwa nearai. Kokedama inafupisha safari: badala ya kungoja miaka, fundi anaunda donge kwa mikono yake siku hiyohiyo.

Kuna pia ndugu yake, tsurishinobu, iliyoanza wakati wa enzi ya Edo (1603-1868) katika mji unaoitwa leo Tokyo. Mafundi hufunga kuvumwani kwenye mianzi pamoja na mmea wa msituni unaoitwa shinobu, kiisha wanautundika chini ya paa wakati wa joto, ili rangi ya kijani iwape wakaaji wa nyumba hisia ya ubaridi.

Namna gani inatengenezwa

Kazi inaanzia kwenye udongo. Wajapani huchanganya aina mbili. Ya kwanza ni keto, udongo mweusi unaonata, uliotokana na matete na mimea mingine ya maji iliyooza kwa muda mrefu. Ya pili ni akadama, chembechembe nyekundu za udongo uliotokana na majivu ya volkano. Wengi hutumia sehemu 7 za keto kwa 3 za akadama. Keto inashika maji na kulishikilia donge, akadama inaacha nafasi ili mizizi ipate hewa.

Mwanafunzi anajaribu mchanganyiko kwa kuufinya mkononi. Ukipasuka, umekauka mno. Maji yakitiririka kati ya vidole, yamezidi. Kisha anautoa mmea chunguni, anapunguza udongo wa zamani bila kukata mizizi hovyo, na kuizungushia ule mchanganyiko hadi donge likae imara. Mwishoni anabandika vipande vya kuvumwani na kuvifunga kwa uzi, akizungusha kila upande. Uzi wa pamba huoza wenyewe kadiri siku zinavyopita, wakati kuvumwani imekwisha kushika.

Mimea inayopenda kivuli na unyevu ndiyo inayofaa kwa kuanza. Inayotoka jangwani haifai, kwa sababu donge lenye maji huozesha mizizi yake.

Maji ndiyo mtihani

Chungu kina tundu chini na mdomo juu, na mwenye mmea anajua pa kumwagia maji. Donge halina hayo. Kumwagia juu mara nyingi hulowesha ngozi tu, huku moyo wa donge ukibaki mkavu. Ndiyo maana kokedama huzamishwa ndani ya beseni, mmea ukiwa juu, hadi mapovu yaache kutoka. Halafu inaachwa ichuruzike.

Lini izamishwe tena? Kalenda haisaidii sana, kwa kuwa joto na upepo hubadilika. Anayejifunza anazoea kulibeba donge: likiwa jepesi, lina kiu, likiwa zito, liachwe. Anayelizamisha kila siku kwa huruma huozesha mizizi. Anayelisahau juani hukuta kuvumwani imegeuka rangi ya kahawia, kwani mmea huo hauna mizizi ya kweli na hunywa maji kupitia majani yake.

Kuvumwani itoke wapi?

Swali hili ni zito kuliko uzuri wa donge. Kuvumwani hukua polepole sana, na kipande kilichobanduliwa kwa dakika moja kinaweza kuchukua miaka kurudi. Msituni inashika maji ya mvua, inahifadhi wadudu wadogo na kulaza mbegu. Huko Japani kuna wakulima wanaoipanda na kuiuza, ili msitu usivuliwe nguo yake.

Anayetaka kujaribu Goma, Bukavu au Butembo halazimiki kuagiza udongo Japani. Kanuni ni ileile: udongo unaonata uchanganywe na chembe zinazopitisha hewa, na changarawe nyepesi ya volkano si ngeni kwa wakaaji wa Goma. Lakini kuvumwani ya Virunga au ya Kahuzi-Biega iachwe mahali pake: hizo ni mbuga za taifa na mimea yake inalindwa. Ile inayoota kwenye ukuta wa zamani wa nyumba au kando ya kisima inatosha, ikichukuliwa kidogo kidogo ili inayobaki iweze kujaza pengo.

Glovu pia zinahitajika. Katika kuvumwani na udongo wanaweza kuishi kuvu wanaoingia mwilini kupitia mikwaruzo na kuleta vidonda vya ngozi. Mwaka 1988, huko Marekani, watu 84 waliugua baada ya kushika miche iliyofungashwa kwa kuvumwani ya aina ya sphagnum. Kidonda kisichopona baada ya kazi hiyo kionyeshwe kwa daktari mapema.