Boma ndilo makao ya wazee wetu: tulilinde maradhi yazukapo

Ugonjwa wa korona ulipoenea ulimwenguni mwaka wa 2020, miongoni mwa waliopigwa vibaya zaidi ni wakongwe walioishi katika makao ya wazee. Huko Uhispania, Italia na Marekani walifariki kwa maelfu mahali pale pale walipopelekwa ili watunzwe. Msiba huo uliacha mafunzo: mgonjwa atengwe mapema, mtunzaji mmoja ahudumie wazee wale wale, mwenye homa asije kazini, na daftari lionyeshe kila mzee anaugua nini na anameza dawa gani.

Wapo watakaosema kwamba mafunzo hayo hayatuhusu sisi wa Migori na Homa Bay, ambako makao ya aina hiyo ni nadra mno. Mzee wetu huishi bomani mwake na kuzikwa bomani mwake. Hilo ni jambo la fahari. Hata hivyo, fahari hiyo imetupofusha tusione kwamba boma nalo ni makao ya wazee, tena yasiyo na muuguzi, daftari wala msimamizi.

Isitoshe, mzee wa huku si mtunzwa tu, bali ni mtunzaji pia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay walikuwa na virusi vya Ukimwi, na asilimia 13 katika Migori. Kwa miaka mingi maradhi hayo yaliwachukua wazazi, na nyanya wakaachiwa malezi ya wajukuu. Je, nyanya kama huyo utamtenga na nani, ilhali ndiye anayepika na kuwauguza watoto usiku?

Mnamo Juni 2021, Homa Bay na Migori zilikuwa miongoni mwa kaunti 13 za magharibi zilizowekewa masharti makali ya korona. Kafyu ilianza saa moja jioni, na waombolezaji katika mazishi wasizidi 50. Masharti hayo yalikuwa na maana, lakini hayakuingia ndani ya nyumba. Shule zilikuwa wazi, na mtoto aliyerejea jioni alilala chumba kimoja na nyanyaye.

Kipindupindu nacho ni mgeni tuliyemzoea. Wataalamu waliochunguza mkurupuko wa mwaka wa 1997 magharibi mwa Kenya walibaini kwamba waliokuwa hatarini zaidi ni waliokunywa maji ya Ziwa Victoria, waliokula pamoja na mtu anayehara, na waliohudhuria karamu za matanga. Mwaka wa 2015 ugonjwa huo ulizuka tena katika kaunti hizi mbili. Katika matanga yetu, ni nani huketi siku nyingi zaidi kama si wazee?

Mwili wa mkongwe nao hudanganya. Hahisi kiu kama kijana, hivyo maji humwishia mwilini upesi bila yeye kuomba ya kunywa. Pengine hapati homa kali hata akiwa mahututi. Dalili ya kwanza huweza kuwa kuchanganyikiwa au kuanguka. Jamaa wakiona hivyo husema, "Ni uzee tu." Kauli hiyo fupi imewachelewesha wengi kufika hospitalini.

La kufanya si kujenga majumba ya wazee, bali kulipa boma utaratibu. Tangu Septemba 2023 serikali imesambaza wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, kila mmoja akipewa takriban nyumba mia moja. Wahudumu hao wawe na orodha ya wazee wote wa eneo lao, na ugonjwa uzukapo, wawatembelee wazee kwanza. Pili, kila familia iteue mtu mzima mmoja wa kumhudumia mzee, awe pia na mahali pengine pa kumlaza mtoto anayeugua. Boma lenye nyumba kadhaa lina nafasi ambayo makao mengi ya ng'ambo hayakuwa nayo. Tatu, pasiwe na matanga bila maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na sabuni ya kunawia. Nne, chanjo imfuate mzee hadi Mfangano na Muhuru, badala ya mzee kuifuata kwa mashua.

Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kutunzwa na jamaa zake pamoja na serikali. Serikali haiwezi kudai kwamba haiwajui wazee hawa, kwa maana imewaandikisha wengi wa umri wa miaka 70 na zaidi katika mpango wa Inua Jamii. Iliyoweza kumpata nyanya ili impe shilingi 2,000 za mwezi, haiwezi kushindwa kumpata ili impe maji salama na chanjo.