Oili Kwenye Gurudumu: Tazama Kabla ya Kupakia

Wilaya yetu ya Rungwe ni wilaya ya milima. Ndizi, viazi na majani ya chai husafiri kwa lori. Mji wa Tukuyu uko kiasi cha meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa, kule Kyela, liko chini ya meta 500. Kwa hiyo lori linalotoka Tukuyu kwenda Kyela huteremka kiasi cha meta 1,000. Lori la kwenda Mbeya nalo hupanda mpaka Isongole, kisha huteremka kuelekea Uyole. Katika njia kama hizi, breki ndiyo uhai wa watu.

Leo tuzungumze juu ya kitu kidogo kinachoweza kuharibu breki. Kitu hicho ni sili ya ekseli.

SILI NI NINI?

Katikati ya ekseli ya nyuma mna difu. Gia za difu huzunguka ndani ya oili nzito. Oili hiyo hutembea ndani ya ekseli mpaka karibu na magurudumu. Huko huzuiwa na pete ya chuma yenye mdomo wa mpira. Pete hiyo ndiyo sili. Mdomo wake hubana chuma kama midomo ya ndama inavyobana chuchu ya ng'ombe.

Mdomo ukichakaa, oili hupita. Huingia ndani ya dramu na kulowesha laini za breki. Laini yenye oili haishiki, huteleza. Gurudumu moja likishika na la pili likiteleza, gari huvutwa upande mmoja. Hebu fikiri: mzigo wa ndizi, mvua, mteremko na kona.

TAMBUA DALILI

Dalili ya mvua ni mawingu. Dalili za sili mbovu ni hizi:

1. Michirizi ya oili upande wa ndani wa tairi la nyuma.
2. Gari kuvutwa upande mmoja dereva akikanyaga breki.
3. Harufu ya oili inayoungua baada ya mteremko.
4. Oili ya difu kupungua mara kwa mara.

Tope la Rungwe huficha mengi. Osha gurudumu kwanza, likauke. Endesha gari pole pole mahali tambarare, kisha tazama tena.

Gusa kinachovuja. Oili ya difu ni nzito na ina harufu kali. Mafuta ya breki ni mepesi karibu kama maji. Ukiona mepesi, ubovu uko kwenye silinda ya breki, si kwenye sili. Kama oili inatoka nje, penye boliti za katikati ya gurudumu, tazama kwanza gasketi ya shafti.

TAFUTA SABABU

Fundi mzuri hakimbilii kubadili sili. Anauliza kwanza: imeharibika kwa nini?

Juu ya ekseli pana tundu dogo la kupumulia. Difu likipata moto, hewa ya ndani hutanuka na kutokea hapo. Tundu likizibwa na tope, hewa husukuma oili kwenye sili. Oili ikijazwa kupita kiasi, nayo hutafuta njia. Kama magurudumu yote mawili yanavuja pamoja, anza kutazama hapo. Beringi iliyolegea pia hula sili. Ukiweka sili mpya na kuacha sababu, itavuja tena.

KUBADILI SILI

Kazi hii ni ya fundi, lakini mwenye gari na utingo waijue.

Simamisha gari mahali tambarare. Weka magogo au mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Inua kwa jeki, kisha weka stendi imara chini ya ekseli. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Kinga oili kwa debe. Fungua boliti, vuta shafti. Fungua nati za beringi, toa gurudumu pamoja na dramu. Ng'oa sili ya zamani. Magari mengine yana sili mbili kila upande, badili zote.

Safisha kila kitu. Pitisha ukucha mahali sili inaposugua. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya haitadumu hapo. Chuma hicho kitengenezwe au kibadilishwe. Kagua beringi.

Paka mdomo wa sili mpya oili au grisi kidogo. Kwa kawaida upande wenye springi ndogo huelekea kwenye oili. Ipige pole pole kwa kipande cha ubao, iingie sawasawa pande zote. Ikiingia upande, itavuja. Kaza nati za beringi kwa kipimo cha kitabu cha gari. Weka gasketi mpya, kisha jaza oili mpaka usawa wa tundu la kujazia.

LAINI ZILIZOLOWA

Wengine huziosha kwa petroli au kuzichoma moto. Hiyo si dawa. Oili imeshaingia ndani, na breki zikipata moto itatoka tena. Badili laini za magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo, ili breki zishike sawa. Usipulize vumbi la breki, kwa kuwa laini nyingine, hasa za zamani, zina asbesto inayodhuru mapafu. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Oili chafu usiimwage mtoni. Mito ya Kiwira na Mbaka hunywesha watu na mifugo mpaka ziwani.

WEWE MKULIMA

Labda huna lori. Lakini ndizi ni zako, na ndugu yako huenda amekaa juu ya mzigo. Kabla ya kupakia, inama utazame magurudumu ya nyuma. Ukiona oili, mwambie dereva. Asikubali kuondoka mpaka fundi ametazama. Ndizi zikichelewa siku moja utapata hasara kidogo. Mtu akipotea mteremkoni, hapatikani tena.

ZUNGUMZENI

1. Oili ya difu na mafuta ya breki hutofautianaje?
2. Kwa nini sili mpya huweza kuvuja tena?
3. Kijijini kwenu, nani hukagua lori kabla halijapakiwa?