Prokireri hachaguliwi: safari ya kura ya Kengo wa Dondo

Kila familia ya wachimbaji inajua dosie inaanza namna gani. Kijana anakamatwa mu kare. Wanasema eti amebeba mchanga usio wake, ama amepigana juu ya shimo. Polisi wanaandika karatasi, kisha wanamwambia mama yake: "Enda ku parke, mambo iko mikononi mwa prokireri." Mama anapanda pikipiki mpaka Goma, na njiani anajiuliza: huyu prokireri, nani alimweka? Nilipiga kura 2006, nikapiga 2011, nikapiga 2018. Mbona jina lake sijaliona hata siku moja ku karatasi ya kura?

Hajaliona juu haliko. Katika Kongo prokireri hachaguliwi na raia. Rais wa Jamhuri ndiye anamteua, kwa pendekezo la baraza la mahakimu, ile inaitwa Conseil supérieur de la magistrature. Sheria inamkataza siasa, na Sheria ya Migodi, kifungu cha 27, inamkataza kuomba haki ya mgodi, sawa vile inakataza askari na polisi. Maana yake iko wazi: mwenye kukata mashauri ya mashimo asiwe na shimo lake.

Kuna nchi wanafanya namna ingine. Kule Marekani, prokireri wa mji ama wa wilaya anaomba kura kama depite. Kamala Harris alianza vile: 2003 watu wa San Francisco walimchagua kuwa prokireri wao. 2010 akachaguliwa prokireri mkuu wa jimbo la California, 2016 seneta, 2020 makamu wa rais. 2024 aliomba urais, Donald Trump akamshinda. Kila ngazi aliulizwa na raia: ulimfunga nani, ulimwacha nani, juu ya nini? Njia ile nayo ina ubaya wake. Prokireri mwenye kutafuta kura anaweza kufunga watu wengi ili aonekane mkali.

Kwetu, mtu aliyetoka ku parke akafika mbali zaidi mu siasa ni Léon Kengo wa Dondo. Safari yake inatufundisha kitu kuhusu kura yetu.

Kengo alizaliwa 1935 ku Libenge, mu Équateur, akasoma sheria kule Ubelgiji. Mu miaka ya 1970, wakati nchi ilikuwa Zaire, alikuwa prokireri mkuu wa Jamhuri. Maparke yote ya nchi yalimwangalia yeye. Hakuna raia aliyempigia kura kwa kazi ile. Mobutu alimweka, na Mobutu peke yake ndiye aliyeweza kumtoa. Baadaye akawa balozi, na kuanzia 1982 akawa mkuu wa serikali mara tatu: 1982 mpaka 1986, 1988 mpaka 1990, na 1994 mpaka 1997. Wazee wa Goma wanakumbuka mara ile ya tatu. Ilikuwa mwezi wa saba 1994. Wakimbizi kutoka Rwanda walijaza barabara zetu, kipindupindu kikawaua watu wengi sana ku Munigi na Kibumba, na serikali ya Kinshasa ilikuwa ya Kengo.

Utawala wa Mobutu ulianguka 1997. Kengo aliishi nje miaka kadhaa, kisha akarudi na kuingia mu njia ya kura. Lakini angalia vizuri ni kura gani. Mu mwezi wa kwanza 2007 alipata kiti cha seneta wa Équateur. Seneta hachaguliwi na mama wa ku soko wala na mchimbaji. Wenye kumchagua ni wadepite wa jimbo. Tarehe 11 Mei 2007 maseneta wenyewe wakamfanya president wa Seneti: kura 55 kwake, kura 49 kwa Léonard She Okitundu, mtu wa upande wa Rais Joseph Kabila. Watu walishangaa, juu upande wa Kabila ndio uliokuwa na viti vingi.

Tarehe 28 Novemba 2011 Kengo alikuja mbele ya raia wote, akiomba urais. Matokeo ya CENI yalimpa 4.95 kwa mia. Alikuwa wa nne, nyuma ya Kabila, Étienne Tshisekedi na Vital Kamerhe. Mtu aliyeongoza maparke yote, aliyeongoza serikali mara tatu, na aliyekuwa akiongoza Seneti, hakupata hata kura tano kwa kila mia. Mu vyumba vya Kinshasa alikuwa mkubwa. Ku sanduku la kura la kijijini, hapana.

Na bado hakutoka. Muhula wa maseneta wa 2007 ulikuwa wa miaka mitano, ulipaswa kuisha 2012. Uchaguzi wa maseneta wengine haukufanyika, juu wadepite wa jimbo waliochaguliwa 2006 nao walibaki mu viti. Kengo na wenzake walikaa mpaka 2019. Kura 55 za siku moja zilifanya kazi miaka kumi na mbili.

Lakini tumpe pia haki yake. Mwezi wa kwanza 2015 bunge lilipitisha sheria ya kufunga uchaguzi wa rais nyuma ya hesabu ya watu wote wa nchi, hesabu ingeweza kuchukua miaka. Vijana waliingia barabarani Kinshasa, na hapa Goma pia, na wengine walipoteza maisha. Tarehe 23 Januari, Seneti chini ya Kengo ilibadili kipengele kile. Maseneta wale hawakuwa wanategemea kura ya kijana wa Goma, lakini siku ile walimsikia.

Sasa turudi ku prokireri wa mama yule. Januari 2011, wakati Kengo anaongoza Seneti, Katiba ilibadilishwa. Wengi wanakumbuka kitu kimoja tu: uchaguzi wa rais ulipunguzwa kuwa duru moja, na ndiyo maana Kabila alishinda mwaka ule bila kufika nusu ya kura. Wachache wanakumbuka kifungu cha 149. Mbele, kifungu kile kilihesabu maparke pamoja na tribunali ndani ya mamlaka ya haki. Tangu siku ile yalitolewa, zikabaki kortini na tribunali tu. Waziri wa Haki anaweza kumwamuru prokireri afungue dosie. Na waziri yule anatoka ku upande wenye viti vingi mu bunge, upande unaowekwa na wadepite wetu.

Kwa hiyo mchimbaji hamchagui prokireri, lakini anachagua mwenye kutunga sheria ya prokireri. Anachagua pia depite wa jimbo, na depite yule ndiye anachagua seneta na gavana. Kura yake inapita njia ya kuzunguka, lakini inafika. Ikikatika hapa chini, huko juu hakuna anayemwogopa mchimbaji.

Na kwetu ilikatika. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu ya Kaskazini iliingia mu état de siège: gavana akawa mwanajeshi, na kesi za jinai za raia zikapelekwa ku tribunali za kijeshi. Desemba 2023 nchi ilipiga kura, lakini Masisi na Rutshuru hawakupiga, juu ya vita. Rubaya, kwenye koltani inayotafutwa na dunia nzima, iko Masisi. Mwisho wa mwezi wa nne 2024 M23 ilishika Rubaya, na Januari 2025 ikaingia Goma. Mtu aliyechimba kule miaka yote hii hakuulizwa na mtu yeyote nani amkatie shauri lake.

Wa mama, wa papa, kitu kimoja kinabaki bila kungoja uchaguzi. Katiba, kifungu cha 18, inasema mtu aliyekamatwa lazima aambiwe sababu ya kukamatwa kwake, mu lugha anayoifahamu. Lazima aruhusiwe kuwasiliana mara moja na familia yake ama mwanasheria wake. Na hawezi kubaki ku kasho ya polisi zaidi ya masaa 48: wamwachilie, ama wampeleke mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Mama anayefika ku kasho aulize saa ngapi mtoto alikamatwa, aiandike ku karatasi, kisha ahesabu.

Kengo alipanda mpaka juu kwa kura za watu wachache waliomjua. Sisi ni wengi, na hawatujui. Siku kura itarudi Masisi, mwenye kuja kuomba kiti aulizwe mbele ya watu wote: prokireri akimfunga mtoto wetu bila sababu, wewe utasema nini mu bunge?