Futari Hufuata Msimu

Kila mwaka Ramadhani hutangulia siku kumi au kumi na moja katika kalenda ya miladi, na baada ya miaka 33 hivi huwa imeshapitia masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Ndiyo maana Unguja na Pemba hakuna futari moja ya kudumu. Mwaka 2017 tulifunga Mei na Juni, ardhi ikiwa bado na majimaji ya masika. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, na watakaojaliwa uhai watafuturu kwa embe boribo na dodo. Mwezi ni mtukufu ule ule; kinachoingia chunguni huamuliwa na shamba.

Wazee wetu walikwenda na hesabu mbili. Mwezi mwandamo uliwaongoza katika ibada. Mwaka wa jua, ule unaofunguliwa kwa Mwaka Kogwa kule Makunduchi mwezi wa Julai, uliwaongoza katika kilimo na safari za baharini. Siku zilihesabiwa kwa miongo, kumi kumi, na kwa hesabu hiyo mkulima alijua mvua iko karibu au pepo zinageuka.

Katika vyakula vyote vya msimu, mimi nalitukuza shelisheli. Mnunuzi anayelijua hatazami ukubwa wake. Hutazama ganda: likiwa na matone ya utomvu yaliyokaukia juu, limepea. Wapo wanaoliweka zima juu ya makaa mpaka ganda liwe jeusi tii, wakalimenya na kulila vivyo hivyo, la moto. Kwa futari humenywa, likatolewa moyo, likakatwa vipande na kuchemshwa kwa chumvi na tui jepesi. Tui zito hutiwa mwisho, mpishi akikoroga taratibu lisikatike. Na shelisheli halisubiri mtu. Likishaangushwa mtini, siku mbili tatu tu limelainika. Huwezi kuliweka ghalani wala kulipeleka mbali bila taabu, kwa hiyo mlaji wake wa haki ni jirani.

Na ujirani una sheria zake. Magharibi ikikaribia, watoto hutumwa nyumba hadi nyumba na mabakuli yaliyofunikwa kawa. Bakuli halirudi tupu. Aliyepeleka muhogo wa nazi hurudishiwa majimbi, ndizi mbichi za nazi, au maembe kama ni wakati wake. Muhogo hustahimili hata ardhi ya mawe ya upande wa mashariki. Majimbi hutaka bonde lenye maji. Kwa kupelekeana hivyo, mtaa mmoja hula mazao ya ardhi mbalimbali bila mtu kutoa hata shilingi.

Siku hizi sehemu kubwa ya viazi mviringo, vitunguu na karoti zinazouzwa mjini huvuka bahari kutoka bara. Sina ugomvi na mkulima wa bara. Naye ana watoto wa kulisha, na biryani bila kitunguu haipikiki. Kinachoniuma ni kuona pakacha la mashelisheli likilainika kando ya barabara huku hatua chache tu chipsi za viazi vya mbali zikikaangwa, ilhali shelisheli nalo hutoa chipsi nzuri sana. Mwenye mti asipopata mnunuzi msimu huu na msimu ujao, ataukata auze kiwanja, na mti wa shelisheli haukui kwa mwaka mmoja.

Basi ndugu msomaji, ukienda sokoni Darajani au Mwanakwerekwe, muulize muuzaji bidhaa yake imetoka shamba gani. Ukipita njia ya shamba, simama ununue kwa mkulima mwenyewe, na usimkabe kwa bei. Nanyi wenye hoteli za Nungwi na Paje, mwekeeni mgeni shelisheli mezani. Amekuja Zanzibar, mpeni chakula cha Zanzibar.