Mshororo Mrefu, Kioo Kifupi: Vifaa Vidogo vya Kusomea na Fani ya Ushairi Wetu

Wahakiki wetu wamezoea kulijadili shairi kana kwamba ukurasa haupo. Tunahesabu mizani, tunasaka vina, tunataja fani na maudhui, kisha basi. Lakini siku hizi wengi wetu hatushiki diwani ya karatasi. Tunasoma kwenye simu iliyonunuliwa Kariakoo, tena tukiwa ndani ya daladala. Makala hii inakusudia kulinganisha vifaa vidogo vya kusomea, na kuonyesha kwamba mipangilio yake si urembo tu. Inaweza kulivunja umbo la shairi.

Tuchukue mfano. Mshororo wa kawaida wa tarbia una mizani 16: nane za ukwapi na nane za utao. Tutunge wetu:

Kariakoo sokoni, watu wote wanauza

Kina cha kati ni "ni", cha mwisho ni "za". Sasa kuza herufi kwenye kioo kidogo:

Kariakoo sokoni, watu
wote wanauza

Jicho linaona mistari miwili, mmoja wa mizani 10, wa pili wa mizani 6. Kina cha kati kimemezwa. Mwanafunzi asiyeangalia ataandika kwenye hakiki yake kwamba mshairi "amevunja mizani makusudi". Kumbe aliyevunja ni simu!

Kwa ushairi huru hatari ni kubwa zaidi. Katika mashairi kama ya Kezilahabi katika Kichomi (1974), hakuna kina cha kumwongoza msomaji. Mahali mstari unapokatika ndipo penye fani yenyewe. Kioo kikikata pengine, utajuaje ni mkato wa mshairi au wa mashine?

Je, vifaa vyenyewe vinatupa uwezo gani? Kindle ya kawaida na Kobo Clara BW zote zina kioo cha inchi 6, na zote zinakubali fonti unayoiweka mwenyewe kwenye folda ya fonti. Zinapotofautiana ni kwenye nafasi. Kindle inakupa hatua chache tu za pambizo na za nafasi kati ya mistari. Kobo inakuachia usogeze kidogo kidogo mpaka mshororo ukae sawa. Xteink X4, yenye kioo cha inchi 4.3 na uzito wa gramu 74, inaingia mfukoni bila taabu, lakini kwa udogo huo utenzi wa mizani 8 ndio unaoikalia vizuri kuliko tarbia.

Asiye na pesa ya vifaa hivyo asikate tamaa. Programu ya bure iitwayo KOReader inafanya kazi kwenye simu za Android na kwenye Kobo pia. Inaruhusu kupunguza pambizo, kulaza ukurasa kwa upana, na kuzima ukataji wa maneno kwa kistari. Hili la mwisho si dogo. Kifaa kikidhani kitabu ni cha Kiingereza, kinaweza kuandika "sok-oni", ilhali silabi za Kiswahili ni so-ko-ni, nazo ndizo mizani zetu. Lakini ukiwa na PDF ya kurasa zilizopigwa picha, mipangilio hii haikusaidii sana; utakuza picha na mwisho wa mshororo utatoka nje ya kioo.

Atatokea mtu aseme: mbona unakuza mambo? Katika miswada mingi ya zamani ya hati za Kiarabu, ubeti mzima wa utenzi uliandikwa kwenye mstari mmoja, vipande vinne vikifuatana, na watu waliusoma vizuri. Ni kweli. Ila mwandishi wa mswada alitia alama kati ya vipande, na msomaji aliijua kawaida hiyo. Simu haitii alama yoyote. Mchapishaji angeweza kuitia, kwa kuandaa faili ili kipande kilichoanguka chini kiingizwe ndani kidogo. Akiacha, mzigo unabaki kwa msomaji.

Kwa hiyo, wahakiki wenzangu, kabla ya kumhukumu mshairi kwa jambo la umbo, punguza herufi, laza simu, hesabu tena. Na walimu wetu, katika semina, tuulizeni kwanza tumesomea wapi. Darasa moja linaweza kuwa na shairi moja lenye maumbo kumi, na ubishi wote ukawa juu ya ukubwa wa herufi.