Sola ya Wati 100 na Kiwele Kilichofungwa

Jirani yetu mmoja hapa Garsen, mjane mwenye watoto wanne, alipofikiwa na zamu yake ya chama hakununua nguo wala vyombo. Alinunua sola, betri na taa tatu. Hesabu yake ilikuwa wazi: usiku watoto wasome bila ya moshi wa koroboi, na mchana awachajie simu majirani ambao umeme haujawafikia, apate pesa za mboga. Kibandiko kilicho nyuma ya sola kilisema wati 100. Risiti nayo iliandikwa wati 100. Na bei aliyolipa ilikuwa bei ya wati 100.

Wiki haikwisha ila mambo yalikuwa yameharibika. Simu nne zikichomekwa, betri ilikuwa hoi. Taa zilififia kabla ya adhana ya Isha. Mwanzo alijilaumu mwenyewe, akadhani amekosea kuunganisha nyaya. Kisha akayalaumu mawingu; lakini Garsen ya mwezi wa Februari ina mawingu gani? Siku ya tano alimwita fundi. Fundi hakuhangaika na nyaya. Alitoa utepe wa kupimia, akaipima sola ile urefu na upana: sentimita 60 kwa 40. Akatikisa kichwa. "Mama, hii haiwezi kuwa wati 100 hata ukiipeleka karibu na jua lenyewe."

Hesabu ya fundi inafaa ijulikane na kila nyumba. Jua kali la adhuhuri huteremsha takriban wati 1,000 juu ya kila mita moja ya mraba. Sola nzuri ya siku hizi hugeuza kiasi cha sehemu moja ya tano ya nguvu hiyo kuwa umeme, yaani karibu wati 200 kwa mita ya mraba. Sola ya jirani yetu haifiki hata robo ya mita ya mraba. Kwa hiyo hata ingekuwa nzuri, ingetoa karibu wati 50 tu. Sola ya wati 100 huhitaji eneo la nusu mita ya mraba au zaidi. Betri nayo ina mizani yake: betri ya risasi ya volti 12 iliyoandikwa ampia-saa 100 huwa na uzito wa kilo 25 au zaidi. Ukiinyanyua kwa mkono mmoja kama kikapu cha sokoni, shuku.

Tuwe waadilifu pia kwa wafanyabiashara. Hata sola ya kweli ya wati 100 haitoi wati 100 kila saa. Joto letu huipunguzia nguvu, na vumbi vilevile. Upungufu wa namna hiyo si udanganyifu. Lakini nusu nzima haipotezwi na vumbi.

Jirani yetu aliichomoa sola siku ileile, akaibeba hadi dukani. Kijana aliyemkuta alimwonyesha maandishi ukutani: "Mali ikiuzwa hairudishwi." Kisha akaongeza, "Mama, si uliiona, ukaichagua mwenyewe?" Akarudi nyumbani kimya. Wengi wetu tungeishia hapo, tukasema ni mapenzi ya Mungu.

Lakini dini yetu haikumwachia mnunuzi saburi peke yake. Ndugu zetu Waorma, wafugaji wa zama na zama, watauelewa mfano huu upesi. Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kumwacha mnyama bila ya kumkama siku kadhaa ili kiwele kijae, mnunuzi adhani ana maziwa tele. Aliyemnunua mnyama wa aina hiyo, baada ya kumkama na kuujua ukweli, amepewa hiari: akiridhika amweke, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi moja ya tende badala ya maziwa aliyoyakama. Kibandiko cha wati 100 juu ya sola ya wati 50 ni nini, kama si kiwele kilichofungwa? Mnunuzi yule naye alimwona mnyama kwa macho yake, akamchagua mwenyewe, na haki yake haikupotea.

Wanavyuoni huiita haki hii hiari ya aibu, na aibu hapa ni kasoro ya kitu kilichouzwa. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku pwani, haki hii hutumiwa mara tu kasoro inapogunduliwa. Anayeendelea kukitumia kitu baada ya kujua huhesabiwa ameridhika. Jirani yetu, bila ya kusoma kitabu, alifanya sawasawa alipoichomoa sola siku ileile.

Sheria ya nchi nayo iko upande wake. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazozihitaji ili anufaike nazo, na haki ya fidia anapopata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 inahesabu kuwa ni mwenendo usio wa haki kuinasibishia bidhaa sifa au ubora isiokuwa nao, na inamruhusu mnunuzi kuyavunja mapatano kwa kutoa notisi ndani ya mwaka 1. Haki hizo hazifutwi kwa tangazo la ukutani. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo ni kongwe zaidi, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo.

Basi afanye nini aliyefikwa na haya?

Kwanza, aache kukitumia kitu hicho, na aiweke risiti mahali salama. Risiti itaje sifa, si jina la bidhaa peke yake. "Sola moja" haitoshi. Apige picha ya kibandiko.

Pili, arudi dukani na shahidi, amtafute mwenye duka mwenyewe, aseme kwa upole anachotaka: kubadilishiwa au kurudishiwa pesa. Imamu au mzee wa mtaa anaweza kusuluhisha, na suluhu ina kheri.

Tatu, aarifu Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, kwa simu ya bure 1545. Kabla ya kununua pia, namba iliyo chini ya alama ya ubora inaweza kuhakikiwa kwa ujumbe mfupi kwenda 20023.

Nne, ikishindikana, iko Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Mtu hujisimamia mwenyewe bila ya wakili, na sheria inataka hukumu itolewe ndani ya siku 60. Wengine hukimbilia kwa Kadhi. Lakini Katiba imeiwekea Mahakama ya Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Mzozo wa sola haumo.

Jirani yetu hakufika mbali hivyo. Alirudi dukani na risiti, vipimo vya fundi, na mama mwenzake wa chama. Safari hii alimkuta mwenye duka. Mzee yule aliipima sola mwenyewe, akanyamaza kitambo, kisha akasema naye aliuziwa hivyo kwa jumla. Akamrudishia pesa zake, na zile nyingine zilizobaki akaziondoa rafuni. Pato la simu alilolikosa, mama alimsamehe.

Siku hizi nyumbani kwake kuna sola nyingine, pana zaidi. Na kabla ya kuilipia, aliupitisha utepe juu yake mbele ya muuzaji.